Mkono Mmoja wa Kioo, Milango Minne

Leo tuzungumze juu ya sehemu ya gari ambayo abiria huigusa kabla ya nyingine zote na fundi huifikiria mwisho: upande wa ndani. Nakusudia hasa magari ya mgongo mrefu yaliyokwisha kula chumvi nyingi, Toyota Corolla za buti refu, Caldina, Probox na nduguye Succeed, pamoja na Peugeot 504 moja moja ambazo bado hazijakubali kuzikwa. Fungua mlango wa nyuma wa gari la namna hiyo linapopakia abiria hapa Majengo, mtaa wa Goma, utazame bila haraka. Milango yote minne ina kijiti cha chuma cha kuzungushia kioo, lakini mkono wa plastiki wa kukizungusha umebaki mmoja, na unakaa kwa dereva. Abiria anayetaka hewa anauomba, anauchomeka, anateremsha kioo, kisha anaurudisha mbele ili na mwingine autumie. Kitasa cha ndani kimekatika zamani. Kinachofungua mlango ni waya uliopenyezwa kwenye tundu na kufungwa fundo. Dari limeachia gundi na kushikwa kwa pini za fundi cherehani. Droo ya mbele haina mfuniko. Na gari lenyewe linatembea vizuri, injini haina moshi, na mwenyewe hana mpango wowote wa kuliuza.

Ukimuuliza mwenye duka la vipuri kwa nini hauzi mikono ya vioo, vitasa vya ndani, vifuniko vya dashibodi au klipu za kushikia paneli za milango, atakujibu kwamba watu hawaviulizii. Ni kweli, hawaviulizii. Ila mtu haendi dukani kuulizia kitu anachojua fika kwamba hakipo; anakwenda kwa fundi wa waya. Kila waya, kila pini, kila kipande cha kitenge kilichoshonewa juu ya kiti kilichochanika ni hela iliyotoka mfukoni mwa mteja, na hela hiyo haionekani kwenye daftari la muuza vipuri. Kwa hiyo nasema hivi: mahitaji ya vipuri vipya vya ndani, vilivyotengenezwa kwa kuiga vile vya kiwandani, yapo hapa Goma na ni makubwa kuliko maduka yanavyodhani. Vipuri vya mtumba haviwezi kuyatosheleza. Na mahali pa kutengenezea vipuri hivyo vipya ni hapa hapa, mikononi mwa mafundi wetu, ila kwa masharti ambayo baadhi yao hawatayapenda.

Tuanze na chanzo cha uchakavu wenyewe, kwa sababu wengi huwasingizia madereva. Mengi ya magari haya yalizaliwa Japani kama magari ya kazi. Kule, gari likiandikishwa kuwa la mizigo, sheria inataka nafasi ya mzigo izidi nafasi ya kukalia abiria. Ndiyo maana kiti cha nyuma cha Probox ya mizigo, gari lililotoka Julai 2002 kuchukua nafasi ya Corolla Van, ni chembamba, kimesimama wima, na sponji yake haina unene wa maana. Aliyekichora alijua kitakaa kimekunjwa siku nyingi za mwaka, maboksi yakiwa juu yake. Gari hilo la mizigo likitimiza miaka 2 linaanza kukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi wa Japani una gharama zake, hivyo kampuni inaona afadhali iliuze likiwa bado na nguvu. Linapakiwa melini, linashuka Mombasa au Dar es Salaam, au linazungukia Dubai, na mwishowe linafika hapa, ambapo kiti kile kile kilichokusudiwa kukunjwa kinabeba watu 4 mpaka mji wa Sake, kilometa 25 na ushei, pamoja na mtoto mapajani na kuku chini ya miguu. Injini ilitengenezwa kwa kazi hiyo, na ushahidi ni kwamba inaiweza. Kiti hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kisha kuna mahali tunapoishi. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo mwa ikweta, na jua la urefu huo halina huruma na plastiki. Dashibodi nyingi zimevikwa PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu. Mafuta hayo huvukiza polepole (ndiyo yanayoacha ukungu ule wa kunata upande wa ndani wa kioo cha mbele), na yakishaisha ngozi inakauka, inajikunja na kupasuka. Sponji ya viti nayo huliwa na unyevu mpaka igeuke unga wa manjano unaomwagika kila abiria anapokaa. Juu ya hayo yote, vichochoro vyetu vimelala juu ya mawe ya volkeno. Klipu ndogo ya plastiki inayoshika paneli ya mlango ilikusudiwa kubanwa mara moja kiwandani na kutulia pale kwenye barabara ya lami. Hapa inatikiswa kutwa, na kila fundi anapoitoa paneli kutengeneza kioo, klipu mbili tatu zinakatika na hazirudishiwi nyingine.

Hapo ndipo mtumba unaposhindwa. Vipuri vilivyotumika vinapatikana kwa wingi Sharjah, vinapatikana soko la Kisekka kule Kampala, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na Gerezani Dar es Salaam. Kwa gia, difu au taa ya nyuma, mtumba ni msaada mkubwa, na sina ugomvi nao. Lakini chuma kilichopumzika ni chuma bado, wakati plastiki inazeeka hata gari likiwa limesimama uani. Dashibodi iliyotolewa kwenye Corolla ya 1998 ina umri ule ule wa dashibodi iliyopasuka kwenye Corolla yako ya 1998. Umeinunua, umeisafirisha kupitia mipaka miwili, umelipa kila kizuizi, na baada ya misimu michache nayo inafungua mdomo. Zaidi ya hapo, muuza mtumba havunji kitu kizima kwa ajili ya kitasa kimoja. Unataka kitasa, unauziwa mlango.

Sababu nyingine ni ya kwetu zaidi kuliko hizo zote, nayo ni volani. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na majirani zetu Wanyarwanda vivyo hivyo. Uganda, Kenya, Tanzania, na Japani yenyewe, ni kushoto. Gari lililotoka Japani linakuja na volani upande wa kulia, na mwenye kutaka kulitumia huku kwa raha anampelekea fundi amhamishie. Kuhamisha pedali na mashine ya usukani ni kazi ya chuma, na mafundi wa chuma tunao. Dashibodi ndiyo inayowatoa jasho. Corolla za miaka ya 1990 ziliuzwa pia Ulaya, kwa hiyo dashibodi ya kushoto iliyotoka kiwandani ipo mahali fulani duniani, ukiwa na subira na dola. Probox ilikusudiwa soko la Japani, na hakuna rafu ya kuiendea kutafuta ya kushoto. Kinachofanyika ni msumeno. Dashibodi inakatwa, upande wa saa za mwendo unahamishiwa kushoto, upande wa droo unakwenda kulia, mshono wa katikati unaungwa kwa nyuzi za faiba na rezini, unapigwa msasa, kisha yote inavikwa kitambaa cheusi cha mahameli ili jeraha lisionekane. Ukipitisha kidole chini ya kitambaa unalisikia. Tundu la hewa limebaki upande usiotakiwa, likipuliza goti la abiria.

Tazama vizuri fundi huyo amefanya nini. Amepima, amekata, amejenga umbo ambalo kiwanda cha Toyota hakikuwahi kulitoa, na gari limeondoka likiendeshwa. Huo ni utengenezaji wa vipuri vya kuiga, tena mgumu kuliko kumimina kitasa. Upungufu wake ni mmoja: kazi ikiisha hakuna kilichobaki. Hakuna kalibu, hakuna kielelezo cha karatasi, hakuna kipimo kilichoandikwa ukutani. Probox ya pili ikija wiki ijayo anaanza upya, na mteja wa pili analipa gharama ya kufikiri ambayo wa kwanza alikwisha kuilipa. Mtu akisema Goma haina ujuzi wa kutengeneza vipuri vya ndani, namwonyesha dashibodi hizo. Tulichokosa ni kuutunza ujuzi huo nje ya kichwa cha mtu mmoja.

Wapo watakaosema tusubiri viwanda vyenyewe. Viwanda vimekwisha kutuonyesha vinamfikiria nani. Toyota ilianza kutengeneza upya vipuri vya magari yake ya zamani mwaka 2020, ikaanza na Supra na 2000GT, baadaye ikaingiza AE86 na Land Cruiser za mfululizo wa 40. Mazda nayo, kwa Roadster za kizazi cha kwanza, imerudisha mpaka usukani wa mbao wa Nardi. Siwalaumu, ni biashara, na mwenye gari la michezo analolitoa Jumapili ana hela ya kulipia kumbukumbu. Ulaya na Marekani watu wanaotunza Volvo 240 za mgongo mrefu, gari lililokoma kutengenezwa 1993, wanauziwa vifuniko vipya vya dashibodi na mazulia mapya ya buti na wafanyabiashara wadogo wadogo, kwa sababu kundi lao linajulikana na linaagiza pamoja. Gari la mizigo la Kijapani lililobeba viazi vya Masisi halimo kwenye orodha ya mtu yeyote, japokuwa magari ya aina hiyo yanayotembea Afrika Mashariki na Kongo huenda ni mengi kuliko Supra zote zilizobaki. Idadi ya magari haitoshi kuwa soko. Soko ni pale magari hayo yanapokuwa na sauti moja ya kuagiza.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba huu ni urembo: gari ni injini na breki, mengine ni sebule. Ningekubali kama gari lingekuwa la mtu mmoja. Gari la kupakia abiria linauza nafasi ya kukaa, na nafasi hiyo iko ndani, haiko chini ya boneti. Mwenye haraka anachagua gari ambalo kiti hakimchomi na kioo kinafunga mvua ikinyesha, na dereva wa gari lenye waya anabaki akisubiri zamu ijae. Halafu kuna usalama. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, Majengo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoamriwa kuhama, na watu wakaenda kwa maelfu upande wa Sake, wengine ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, wamebanana ndani ya chochote chenye magurudumu. Siku kama hiyo mlango ambao unafunguka kwa waya anaoufahamu dereva peke yake si jambo la sebule hata kidogo. Mgeni aliyekaa nyuma hajui waya uko wapi.

Wengine wanasema magari haya yaachwe yafe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15; kwa nini sisi tulee vizee? Jibu langu ni kwamba sheria za kuingiza magari hazigusi gari lililokwisha kuingia, na gari lililokwisha kuingia Goma halitoki. Mwenye Caldina hachagui kati ya Caldina na gari jipya. Anachagua kati ya Caldina na kutembea. Hata tungefunga mpaka kesho, magari yaliyomo yangeendelea kubeba watu miaka 10 na zaidi, yakizidi kuchakaa ndani. Na Probox zinazoingia leo zikionekana mpya, zile zilizobadilishwa sura mwaka 2014 na kupewa dashibodi tofauti, nazo zitafikia umri huo. Anayetengeneza kalibu sasa anajifunza kazi atakayoihitaji tena.

Pingamizi lililo zito, nami nalipa heshima yake, ni la ufeki. Neno la kuiga linamtia mnunuzi woga, na ana haki. Hapa ndipo penye masharti. Kuna vitu ambavyo fundi wa mtaani asiviige kabisa: mkanda wa usalama, kifungio unamochomekwa, fremu ya kiti na boliti zinazoishika sakafuni, na eneo lolote la dashibodi lililofunika mfuko wa hewa. Mfuniko wa mfuko wa hewa wa kiwandani una mstari mwembamba uliodhoofishwa makusudi ili upasuke mahali maalumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ukiufunika kwa faiba ngumu, mfuko ama hautatoka, ama utamrushia abiria vipande usoni. Magari mengi yaliyohamishwa volani hayana tena mfuko unaofanya kazi, na mnunuzi haambiwi. Aambiwe. Jambo la pili ni moto. Viwango vya Marekani vinataka kitambaa na sponji za ndani ya gari, zikishika moto, zisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Fundi hana maabara, lakini ana kibiriti na saa ya simu. Akate kipande chembamba cha sponji, akilaze, akiwashe ncha moja uani, apime. Sponji ya magodoro ya bei rahisi inaweza kumshangaza, na ni vizuri ashangae mbele ya kipande kuliko mbele ya gari lenye watu.

Na fedha? Kalibu ya chuma ya kiwandani, ya kusindilia plastiki ya moto, inagharimu maelfu mengi ya dola na inahitaji maelfu ya vipande ili irudishe gharama. Kwa hiyo tuisahau. Kalibu ya faiba inatolewa juu ya kipande kizima cha awali kilichopakwa nta, inamaliza siku chache, na inafaa kwa vipande makumi kadhaa vya mfuniko wa droo au paneli ya buti. Vijana wanaopenda kompyuta watataja printa za 3D. Ni wazo zuri, ila wachunguze wanachochapia: ile plastiki rahisi ya PLA inalainika kwenye nyuzi 60 hivi, na dashibodi iliyofungiwa juani inaifikia bila shida. Tena si lazima kila kitu kiwe plastiki. Tunao mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu na kumimina masufuria kwenye kalibu za mchanga. Kwa fundi wa namna hiyo mkono wa kioo ni kazi ya asubuhi, na utadumu kuliko ule wa Japani.

Mtu atasema huu si wakati, na hali ya fedha si ya kuanzisha kitu. Tangu Januari 2025, mji wa Goma ulipobadilisha watawala, uwanja wa ndege ulifungwa, mabenki yakafunga milango, na mfanyabiashara wa kuagiza kutoka Dubai akaona njia zake zinakatika. Mimi nalisoma jambo hilo kinyume. Kipuri cha kutoka mbali kinapokuwa kigumu kukilipia na kukisafirisha, cha hapa kinapata nafasi ambayo hakikuwa nayo. Rezini na nyuzi za faiba bado zinatoka nje, ndiyo, lakini galoni moja ya rezini inazaa vifuniko vingi, wakati dashibodi moja ya mtumba inabaki dashibodi moja. Ninachokiona kuwa kikwazo cha kweli ni tabia ya kila garaji kuficha kipimo chake. Garaji tano zikichanga kalibu moja ya Probox na kuiweka kwa mmoja wao, kila mwenye kuitumia akilipia kwa kipande, hakuna atakayefilisika na wote watakuwa na kitu cha kuuza.

Pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni kitasa cha ndani cha mlango wa nyuma, cha kushoto na cha kulia. Hakigusi mkanda wala mfuko wa hewa, hakina sponji ya kuungua, kinaenea kiganjani, kinamiminika kwa alumini, na kila gari la aina hii linahitaji viwili. Kifungwe kwenye magari yanayopakia kwenda Sake, kivutwe na abiria wasiokijua, kipite msimu mzima wa mvua. Vikirudi vimekatika, itabidi kubadilisha unene wa shingo yake na kumimina tena. Visiporudi, fundi aingie kwenye mkono wa kioo, na aliye na ujasiri zaidi aanze kuitolea kalibu dashibodi ya kushoto ya Probox.